Rangi ya kamba isiishie jalalani: mwongozo kamili wa mafuta mekundu na mlo usiouelemea moyo

Maswali kuhusu rangi nyekundu ya kamba wa baharini, ile tunayoitoa kwenye maganda na kuiingiza kwenye mafuta ya kupikia, na ambayo wengi huisifia kwa moyo, ni yaleyale kila mara. Mmoja amechemsha maganda saa nzima na maji yametoka meupe. Mwingine mafuta yake yamekuwa ya kahawia, machungu, yananuka kuungua. Wa tatu aliyapata mazuri kabisa, akayaweka kabatini, yakachacha. Na yupo wa nne, anayenitia wasiwasi kuliko wote, anayeuliza kama anaweza kuacha dawa za presha kwa kuwa siku hizi anakula kamba kila siku.

Huyo wa nne nimjibu papa hapa: hapana, usiache. Wengine fuateni hatua hizi kwa mpangilio wake, bila kuruka. Karibu kila anayeshindwa huwa ameshindwa kwenye moto, maji au chumvi.

## Unachohitaji

Kwa mafuta mekundu:

- Kamba wabichi wenye vichwa na maganda, kilo 1. Wakishamenywa utabaki na nyama zaidi kidogo ya nusu kilo, na maganda na vichwa vya gramu 400 hivi.
- Mafuta ya alizeti ambayo hayajatumika, mililita 300.
- Sufuria pana yenye kitako kizito. Sufuria nyembamba huunguza upande mmoja huku upande wa pili bado mbichi.
- Mwiko wa mbao, mkasi wa jikoni na kijiti cha meno.
- Chujio la chai la waya, na kipande cha kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa na kukaushwa.
- Chupa mbili ndogo za kioo zenye vifuniko, na trei ya kugandishia barafu.
- Kipimajoto cha jikoni, ukiwa nacho. Usipokuwa nacho, macho na masikio yatatosha.

Kwa mchuzi: kitunguu maji 1, nyanya 3, punje 4 za kitunguu saumu, tangawizi mbichi kipande cha kidole, bizari ya manjano kijiko cha chai 1, pilipili mbichi, ndimu 2, tui jepesi kikombe 1, na kotimiri.

Neno moja kuhusu mafuta. Nimechagua alizeti kwa sababu ni laini, hayana harufu ya kuifunika ya kamba, na mafuta yake mengi si yale ya kugandamana. Mafuta ya nazi yanatoa rangi vizuri tu, lakini yamejaa mafuta ya kugandamana, yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu, na hapo utakuwa umejenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa wa kushoto. Mawese nayo ni mekundu tayari, ila wekundu wake ni wa beta-karotini, na karibu nusu yake ni mafuta ya kugandamana. Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi au mihogo usiyaguse kabisa kwa kazi hii.

## Rangi hii ni nini, na uitegemee kiasi gani

Inaitwa astaksanthini. Ni karotenoidi, ukoo mmoja na rangi ya karoti. Huanzia kwenye vijimea vidogo vya majini. Kamba na kaa huipata kwa kula, au huitengeneza kutokana na karotenoidi nyingine walizokula. Heroe wa Ziwa Natron na Ziwa Bogoria nao hupata uwaridi wao kwa chakula, ingawa chao ni kingine.

Kamba akiwa mbichi huioni, kwa sababu imefungwa ndani ya protini, na ikiwa humo huonekana ya kijivu, buluu au kijani. Moto unavunja protini, rangi inaachiwa, kamba anaiva mwekundu. Sehemu kubwa ya rangi iko kwenye ganda na kichwa. Kwa hiyo anayemenya na kutupa, ametupa karibu yote.

Upande wa moyo, mambo yako hivi. Maabara, astaksanthini ni antioksidanti yenye nguvu: inazuia mafuta ya mwilini yasiharibiwe na oksijeni, na uharibifu huo ni sehemu ya safari ya mishipa kuziba. Kwa binadamu, majaribio yamekuwa madogo na ya muda mfupi. Yapo yaliyoonyesha mafuta ya trigliseridi kwenye damu yakipungua na lehemu nzuri ikipanda kidogo, kwa watu waliomeza miligramu 6 hadi 18 kwa siku. Kwamba inazuia shambulio la moyo au kiharusi, hakuna jaribio lililothibitisha.

Kwa hiyo katika mwongozo huu rangi ni nyongeza. Kazi kubwa ya kuutunza moyo inafanywa na mengine yaliyomo: dagaa wa baharini badala ya nyama ya mafuta, mafuta laini badala ya ya kugandamana, na chumvi kidogo. Ukiyafanya hayo na kuikosa rangi, umepata sehemu kubwa. Ukiipata rangi na kuyakosa hayo, hujapata kitu.

## Nani asianze

Mwenye mzio wa kamba, kaa au kamba mawe asijaribu hata kuonja. Protini inayoleta mzio huo haiharibiki kwa moto, na mafuta yaliyochujwa huweza kubaki nayo. Midomo ikivimba au pumzi ikibana baada ya kula, hilo ni jambo la hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kukuche.

Mwenye jongo, ambalo wengi huliita gauti, ale kwa kiasi alichoelekezwa na daktari wake, kwa sababu kamba huongeza asidi ya yuriki. Mgonjwa wa figo aongee na kliniki kwanza.

## Hatua ya 1: Nunua kamba mwenye kichwa chake

Wahi asubuhi. Iwe Feri ya Dar es Salaam, Darajani Unguja au soko la samaki la Malindi, kadiri jua linavyopanda ndivyo vichwa vinavyolegea, na muuzaji mwenye akili ataanza kuvikata ili mzigo wake uonekane mpya. Kichwa ndicho huoza kwanza, maana ndimo mlimo na vimeng'enyo vya kusagia chakula.

Angalia haya: kichwa kimeshikamana na mwili wala hakiningʼinii, ganda linang'aa na kukaza, harufu ni ya maji ya bahari. Ukisikia harufu inayochoma pua kama ya mkojo, ondoka, hata kama bei ni ya kutupa.

Madoa meusi kichwani na kwenye miguu si sumu, ni dalili kwamba muda umepita tangu wavuliwe. Wapo wanaozuia weusi huo kwa kuwanyunyizia kamba unga wa salfaiti. Mwenye pumu na aulize, kwa sababu salfaiti inaweza kumwamshia kifua.

Ukiona muuzaji anamenya, sema mapema: "Kaka, hivyo vichwa na maganda usitupe, niwekee." Atakutazama. "Vya paka, dada?" Mwambie ndiyo, yaishe, ukianza kumweleza habari za moyo utauziwa kwa kilo.

Kamba waliokwisha chemshwa wakauzwa wekundu kwenye friza, bila ganda, hawafai kwa mafuta haya. Wanafaa kuliwa tu, nao mara nyingi wamelowekwa kwenye maji ya chumvi.

Umefaulu ikiwa: wamefika nyumbani wakiwa bado wa baridi kwenye barafu, na hakuna kichwa kilichokatika chenyewe njiani.

## Hatua ya 2: Safisha, menya, tenga

Waoshe kwa maji baridi yanayotiririka, haraka. Usiwaloweke. Kamba aliyelowekwa hunywa maji, na maji hayo yatakusumbua kwenye hatua ya 4.

Shika mwili kwa mkono mmoja, kichwa kwa mwingine, zungusha kidogo na uvute. Ingiza ncha ya mkasi chini ya ganda pale shingoni, kata juu ya mgongo hadi karibu na mkia. Ganda litafunguka pande mbili. Mgongoni utaona uzi mweusi: ndio utumbo. Uchokoe kwa kijiti cha meno karibu na shingo, uunyanyue polepole, utatoka mzima ukiwa umetulia na kukatika ukiwa na haraka. Utupe.

Sasa vichwa. Kata ule mwiba wa mbele pamoja na macho. Ile nyama laini ya manjano au kijani iliyomo ndani ina ladha, sibishi, lakini ndiyo ini la kamba, na ndimo madini mazito kama kadmiamu hujikusanya. Kwa mtu mzima mwenye afya anayepika hivi mara moja moja si jambo la kumnyima usingizi. Kwa mjamzito, mtoto mdogo au mwenye tatizo la figo, isuuze itoke yote, au tumia maganda ya mwili peke yake. Na kamba waliovuliwa kwenye mdomo wa mto unaopokea maji machafu ya mji, vichwa vyao tupa bila kufikiria mara mbili.

Nyama iingie kwenye friji sasa hivi, imefunikwa. Usiiache mezani ikusubiri. Mafuta yatachukua zaidi ya saa nzima.

Umefaulu ikiwa: una bakuli mbili, nyama safi kwenye baridi, na maganda yaliyochuja maji hadi hayadondoshi.

## Hatua ya 3: Kausha maganda kwenye sufuria

Weka sufuria kavu kwenye moto wa wastani, mimina maganda na vichwa bila mafuta, anza kugeuza. Ndani ya dakika moja ya kijivu inaanza kupotea, wekundu unatokea kwanza kwenye miguu, kisha kwenye mikia. Endelea kugeuza dakika 6 hadi 8. Mvuke utapanda kwa wingi halafu utapungua, na sauti itabadilika: mwanzo inachemka, mwishoni maganda yanagongana makavu.

Hatua hii wengi huiruka, nao ndio hulalamika kwamba mafuta yanaruka na kuchacha mapema. Inafanya kazi mbili kwa pamoja. Moto unavunja protini na kuiachia rangi. Na maji yanatoka kabla mafuta hayajaingia.

Tahadhari: ukiona alama za kahawia iliyoiva, umezidisha. Punguza moto, na ganda lililoungua litoe. Moja tu linatosha kuyapa uchungu mafuta yote.

Umefaulu ikiwa: maganda yote ni mekundu, yanavunjika ukiyabana, na sufuria haina maji chini.

## Hatua ya 4: Toa rangi kwa moto mdogo

Hapa ndipo kazi ilipo, basi tusiende mbio.

Astaksanthini huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Ndiyo sababu yule aliyechemsha saa nzima alipata maji meupe: rangi ilibaki kwenye ganda, na iliyotoka ilielea juu kama matone mekundu machache, ambayo huenda aliyaengua akidhani ni uchafu. Chemsha utakavyo, maji hayataichukua.

Kwenye maganda yaliyokauka mimina mafuta ya alizeti hadi yafunike. Mililita 300 zinatosha kwa maganda ya kilo moja ya kamba. Zikionekana chache, kandamiza maganda kwa mwiko badala ya kuongeza mafuta. Mafuta mengi hayatoi rangi zaidi, yanaipunguza makali tu.

Moto uwe mdogo kabisa. Kwenye jiko la gesi, ni ule moto wa mwisho kabla haujazimika. Kwenye jiko la mkaa, tandaza makaa machache na uyafunike kwa majivu. Kwa kipimajoto, lenga nyuzi 70 hadi 80. Bila kipimajoto, tazama: vitoke vipovu vidogo kimojakimoja kandokando ya maganda, bila kelele. Mafuta yakianza kuzungumza, yaani chrrr ile ya kukaangia, umeshapita. Ondoa sufuria motoni, subiri, rudisha.

Kwa nini tunayabembeleza hivi? Rangi za ukoo huu hukatika zikipata joto kali, hewa na mwanga. Zikikatika huzioni tena; nyekundu inageuka njano iliyofifia, halafu kahawia. Wengi hudhani kahawia ni rangi iliyokolea. Ni rangi iliyokufa.

Baada ya dakika 10 anza kuyaponda maganda kwa mwiko, hasa vichwa. Utaona kila unapoponda wingu la rangi ya chungwa linatoka pembeni na kutambaa kwenye mafuta. Ponda, acha, ponda tena, kwa dakika 40 hadi 50 jumla. Ukiwa na blenda imara unaweza kuyasaga maganda makavu kabla ya kutia mafuta, ila yasiwe unga; unga hupita kwenye kitambaa na kukuachia mafuta yenye mchanga.

Usitie kitunguu saumu, tangawizi wala pilipili ndani ya mafuta haya. Najua yatanukia. Sababu iko hatua inayofuata. Chumvi pia usitie hata chembe.

Mwisho zima moto, funika, acha nusu saa yapoe yakiwa na maganda yake.

Umefaulu ikiwa: ukichota kijiko na kukiinua kwenye mwanga, mafuta ni ya rangi ya chungwa iliyoelekea wekundu, yanaonyesha upande wa pili, na yananukia kamba aliyeiva. Ukisikia harufu ya kuungua, au ukionja ukapata uchungu kooni, anza upya na maganda mengine. Hakuna kiungo kinachouponya uchungu huo.

## Hatua ya 5: Chuja, tenga maji, hifadhi

Mimina kupitia chujio la waya, kisha kupitia kitambaa. Usikikamue kitambaa kwa nguvu, maana tope litafuata; kining'inize mafuta yajidondokee yenyewe.

Yaache kwenye chupa safi na kavu kabisa, ndani ya friji, saa mbili. Maji yaliyobaki yatajitenga chini pamoja na mashapo. Mafuta ya juu yahamishe taratibu kwenye chupa ya pili, na ukiona unafikia tope, acha. Hicho kijiko cha mwisho hakina thamani ya kuharibu chupa nzima.

Tahadhari, na hii ni ya kweli kabisa: mafuta yenye maji maji na vipande vya chakula ndani, yakiachwa kwenye joto la kawaida, ni mahali ambapo bakteria wa botulizimu huweza kuotea, kwa kuwa wanapenda pasipo na hewa. Sumu yao haina harufu wala ladha. Kitunguu saumu kwenye mafuta kinajulikana kwa hatari hiyo, ndiyo maana nimekikataza. Kwa hiyo: friji siku 5, basi. Yatakayozidi, gandisha kwenye trei ya barafu, kila kidude kijiko kimoja cha chakula, kisha vitie kwenye mfuko uliofungwa. Friza inayatunza miezi miwili. Kabatini hayakai hata usiku mmoja.

Chupa ifunikwe kwa karatasi ya jikoni ya kung'aa au iwekwe nyuma ya vitu vingine, kwa sababu taa ya friji nayo ni mwanga.

Maganda yaliyobaki bado yana ladha. Yatie maji lita moja, chemsha dakika 20, chuja, na hiyo ndiyo supu ya mchuzi wako. Hakuna haja ya vidonge vya mchuzi vya dukani, ambavyo kwa sehemu kubwa ni chumvi.

Umefaulu ikiwa: kesho yake chupa ni angavu, hakuna tabaka chini, na rangi ni ileile.

## Hatua ya 6: Pika kamba wenyewe

Kaanga kitunguu maji kwa kijiko kimoja cha mafuta ya kawaida, tia kitunguu saumu kilichotwangwa, tangawizi na bizari, kisha nyanya. Ziache zikauke mpaka zinajitenga na sufuria. Ongeza vikombe viwili vya ile supu ya maganda, acha ichemke na kupungua nusu. Tia tui jepesi.

Nasema tui jepesi kwa makusudi, lile la mkamuo wa pili au wa tatu. Kasimele ibaki kwa siku ya sikukuu. Watu wa Pwani tutakasirikiana hapa, lakini kikombe cha kasimele kina mafuta ya kugandamana yanayozidi mara nyingi sana yale ya kamba wote waliomo sufuriani. Kamba wenyewe karibu hawana.

Mchuzi ukishakuwa mzito unavyoutaka, tia kamba. Dakika 2 hadi 3, kutegemea ukubwa. Wakijikunja nusu duara na nyama ikiwa nyeupe isiyopenyeza mwanga, wameiva. Wakijikunja mpaka mkia unagusa shingo, wamekuwa mpira.

Zima moto. Sasa ndipo mafuta mekundu yanaingia: vijiko viwili vya chakula kwa sufuria ya watu wanne, ukizungusha juu. Yanaingia mwisho kwa sababu ileile, joto. Na kijiko kimoja kina kalori zipatazo 120, kwa hiyo usiyamimine kwa kuwa ni mekundu na ya kupendeza. Mafuta ni mafuta.

Chumvi iwe ya mwisho kabisa, baada ya kuonja. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Kamba ametoka baharini na chumvi yake. Kamua ndimu kwanza, au tia ukwaju. Mara nyingi ulimi ulikuwa unatafuta ukali. Ikibaki kiu ya chumvi, robo kijiko cha chai kwa sufuria nzima.

Umefaulu ikiwa: juu ya mchuzi kuna utepe wa rangi ya chungwa, kamba anakatika kwa jino bila kuvutana, na hakuna mezani anayeomba maji mara tatu.

## Hatua ya 7: Panga wiki

Milo miwili ya samaki kwa wiki, wasiokaangwa kwa mafuta mengi, ndilo pendekezo la Chama cha Moyo cha Marekani, na ni kipimo kizuri cha kuanzia. Mmoja uwe huu wa kamba. Wa pili uwe wa samaki wenye mafuta, vibua au dagaa, kwa sababu mafuta ya omega-3 yako huko kwa wingi kuliko kwa kamba.

Na lehemu ya kamba? Ipo, karibu miligramu 150 hadi 190 kwa gramu 100. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1996 liliwalisha watu gramu 300 za kamba kila siku, kiasi ambacho ni kikubwa mno. Lehemu mbaya ilipanda asilimia 7, nzuri ikapanda asilimia 12, na trigliseridi zikashuka asilimia 13. Hao walipikiwa kwa mvuke. Kamba waliotumbukizwa kwenye unga na karai la mafuta ni habari nyingine.

## Kama kamba ni ghali au huko uliko hakuna

Uduvi. Huyu ndiye chaguo langu kwa mfuko mdogo, na huliwa mzima na ganda lake. Tafuta wenye uwaridi. Waliopauka wakawa weupe au manjano wamekaa juani sana, na jua limekula rangi. Waoshe mara mbili kuondoa mchanga na chumvi, kausha kwenye sufuria dakika 3, twanga kwenye kinu, kisha unga wake uupashe kwenye mafuta kwa moto wa hatua ya 4, dakika 15. Huna haja ya kuchuja. Tia wote kwenye mchicha au kisamvu. Kwa kuwa una vipande, usiuhifadhi, pika wa siku hiyo.

Mwani wa Unguja na Pemba. Wengi huuliza. Spinosamu na kotonii tunazolima ni mwani mwekundu, lakini wekundu wake ni rangi nyingine kabisa, inayoharibika kwa moto. Ndiyo maana ukiuchemsha hugeuka kijani. Ule kwa nyuzinyuzi zake, usiulie astaksanthini. Rangi nyingine ya baharini inayosifiwa, fukoksanthini, iko kwenye mwani wa kahawia kama wakame na kombu za Wajapani. Na kombu ina iodini nyingi mno: gramu moja kavu inaweza kuzidi mara kadhaa mahitaji ya siku ya mtu mzima, ambayo ni mikrogramu 150. Mwenye tatizo la tezi ya shingo akae nayo mbali.

Salmoni. Kwa ndugu walioko Ulaya, Kanada au Ghuba, hii ndiyo njia rahisi. Salmoni wa mwituni aina ya sockeye ana miligramu 26 hadi 38 za astaksanthini kwa kilo, kwa hiyo kipande cha gramu 100 kinakupa kama 3. Wa kufugwa wa Atlantiki ana pungufu sana, na rangi yake hutoka kwenye chakula anachowekewa.

Vidonge vya astaksanthini. Hesabu hiyo ya juu inaonyesha kwa nini watu huvikimbilia: miligramu 12 kwa samaki ni karibu nusu kilo ya sockeye kila siku. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2020 kwamba hadi miligramu 8 za vidonge kwa siku ni salama kwa mtu mzima. Salama, haikusema inatibu. Mimi sivipendekezi, na sababu yangu ni binamu yake. Finlandi iliwapa wanaume wavutaji sigara beta-karotini ya vidonge, miligramu 20 kwa siku, ikitarajia kuwakinga. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18. Kilicho kizuri kwenye sahani si lazima kiwe kizuri kwenye kopo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, za presha au za sukari asianze kidonge chochote cha namna hii kabla ya kumwonyesha daktari au mfamasia kopo lenyewe.

## Yakikwama

Rangi imetoka hafifu. Kamba walikuwa wa zamani, au wa kufugwa waliolishwa chakula kisicho na rangi, au hukuponda vichwa. Rudisha sufuria moto mdogo dakika 20 zaidi, ponda. Isipokolea hapo, ndiyo hivyo; wapike tu, utamu uko palepale.

Mafuta yana ukungu. Kuna maji. Yapashe moto mdogo bila kufunika mpaka vipovu viishe, poza, tenga tena.

Yananuka kama rangi ya ukutani. Yamechacha. Mwaga.

Miezi mitatu imepita, kipimo cha lehemu kimepanda. Usiwalaumu kamba kwanza. Andika kila kilichopikwa nyumbani kwa wiki moja, pamoja na chapati, maandazi, vitafunwa vya jioni na idadi ya nazi zilizokunwa, kisha ukipeleke hicho kikaratasi kliniki pamoja na majibu ya maabara.